Mjomba, umejuaje kwamba ni sambamba?

"Mjomba, umejuaje kwamba hii mistari ni sambamba?"

Ilikuwa Jumapili jioni, Tanga, kwenye meza ndefu ambayo dada yangu hukatia vitambaa. Mpwa wangu, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, alikuwa amenisogezea karatasi ya jaribio. Mchoro wenyewe ulikuwa mdogo tu. Mistari miwili imelala, mmoja juu na mwingine chini. Mstari wa tatu umeikata yote miwili kwa hanamu. Pembe moja imeandikwa nyuzi 68, nyingine imeandikwa x. Tafuta x.

Hakuandika 68. Aliandika sentensi moja kwa penseli, kwa herufi ndogo, kwamba haiwezekani kujua. Pembeni mwake kuna alama ya kosa kwa wino mwekundu.

"Si unaona mwenyewe?" nikamwambia. "Inaonekana kabisa ni sambamba. Hizo ni pembe za Z, zinalingana. Jibu ni 68."

Hapo ndipo aliponiuliza nimejuaje. Nikarudia jibu lilelile, kwa sauti kubwa kidogo.

Akanyamaza. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya daftari, akaenda kumsaidia mama yake kuosha vyombo.

Swali lake sikulijibu. Nililifunika tu.

## Wiki tatu

Niliondoka Tanga kesho yake alfajiri, na swali nikaondoka nalo. Kila nilipopanda basi nilitazama vyuma vya kushikia vilivyopita juu ya vichwa vyetu, nikajiuliza: hivi navyo ni sambamba, yaani havitakutana kamwe hata virefushwe? Najuaje? Kwa sababu vinaonekana hivyo? Macho hayohayo huniambia kwamba reli mbili zinakutana kule mbele, na treni inapita bila kuanguka.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mimi hisabati naipenda. Nimewasaidia watoto wengi wa ndugu na majirani. Na kila nilipofika kwenye somo hili niliwafundisha vilevile: tafuta Z, pembe zinalingana. Tafuta F, zinalingana. Tafuta U, jumla yake nyuzi 180. Wanafaulu, tunafurahi, tunahamia kwenye pembetatu.

Sijawahi kumfundisha hata mmoja wao kuuliza kama mistari ni sambamba.

## Gogo juu ya reli

Nilianza upya, peke yangu, kama mtu asiyejua kitu. Chukua mistari miwili yoyote, kisha mstari wa tatu ukingame juu yake kama gogo lililoangukia reli. Makutano ni mawili, na kila makutano yana pembe nne. Jumla pembe nane.

Sasa zitaje kwa mahali zilipo. Pembe ya juu kulia kwenye makutano ya kwanza, na ya juu kulia kwenye makutano ya pili: hizo zimekaa mahali pamoja, ndizo za F. Jozi za namna hiyo zipo nne. Kisha ingia ndani, katikati ya ile mistari miwili, uchukue pembe moja kushoto kwa gogo na nyingine kulia kwake, kila moja kwenye makutano yake. Hizo ndizo za Z, ambazo kwa Kiswahili huitwa pembe mbadala, na ziko jozi mbili. Nje nako kuna jozi mbili za kupishana vivyo hivyo, ambazo wanafunzi huzisahau kwa sababu Z yao haionekani. Mwisho, baki ndani lakini usivuke gogo: pembe mbili za upande mmoja, ndizo za U.

Soma tena aya hiyo. Nimezitaja zote, na sijasema popote kwamba mistari miwili ni sambamba.

Nilipoliona hili niliweka kalamu chini.

Pembe mbadala ni mbadala hata kama mistari imeachana kama miguu ya mkasi. Z ipo palepale, ila imepinda. Jina linatokana na mahali pembe ilipokaa. Kulingana kwake ni habari nyingine kabisa, na habari hiyo huja pale tu mistari inapokuwa sambamba. Ikiwa sambamba, basi zile pembe nane hubaki na vipimo viwili tu: nne zina kipimo kimoja, nne kingine, na vipimo hivyo viwili vikijumlishwa ni 180. Isipokuwa sambamba, vipimo kwa kawaida huwa vinne, na hakuna Z wala F itakayokuokoa. (Gogo likikaa wima kabisa juu ya mistari sambamba, zote nane ni pembe mraba, yaani nyuzi 90, lakini hilo tuliache.)

Mpwa wangu alikuwa ameviona vitu viwili. Mimi, kwa miaka yote hiyo, nilikuwa naona kimoja.

## Mlango wa stoo

Jibu la "umejuaje" sikulipata kitabuni. Nililipata uani kwangu, kwa fundi seremala aliyekuwa ananitengenezea milango miwili, mmoja wa stoo na mwingine wa banda la kuku.

Mlango wa namna hii kila mtu ameuona. Mbao za kusimama zimepangwa bega kwa bega, nyuma yake mbao mbili za kulala, moja karibu na juu na moja karibu na chini, na katikati yake ubao mmoja wa hanamu unaopanda kutoka chini upande wa bawaba hadi juu upande wa komeo. Ubao huo ndio unaobeba uzito mlango usilale. Ukitazama mlango kwa nyuma, unaona Z kubwa, kama imeandikwa kwa makusudi.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikimtazama. Fundi hakuwa na kipimapembe. Alikuwa na vijiti viwili vilivyoshikwa na msumari mmoja, vinafunguka na kufunga kama mkasi kwa ugumu kidogo. Alilaza ubao wa hanamu mahali pake, akafungua vijiti kwenye kona ya chini mpaka kimoja kikalala juu ya ubao wa chini na kingine kikafuata hanamu. Akachora kwa penseli. Kisha, bila kuvigusa vile vijiti vifunguke wala vifunge zaidi, akavigeuza nusu mzunguko na kuvipeleka kwenye ncha ya juu. Akachora tena. Akakata ncha zote mbili kwa msumeno.

"Kule juu hupimi?" nikamuuliza.

"Nipime nini, kaka? Ni ileile."

Akaubandika ubao. Ukakaa kama umeota pale. Juu hapana mwanya, chini hapana mwanya.

Pembe mbadala. Nilikuwa nimeiandika ubaoni mara zisizohesabika, lakini sikuwahi kuiona ikigeuzwa hewani namna ile. Nusu mzunguko, na kona ya chini ikawa kona ya juu.

Mlango wa pili mbao za kulala zilipigiliwa na kijana wake. Fundi akafanya vilevile: vijiti, penseli, geuza, penseli, msumeno. Safari hii ncha ya chini ikakaa vizuri, lakini ya juu ikaacha mwanya upande mmoja, wa kupenyeza sarafu ya shilingi 200. Kijana akanyoosha mkono achukue randa apunguze ncha ya hanamu.

"Usiuguse huo," fundi akamwambia. "Pima wa juu."

Kijana akachukua futi, akapima kutoka ubao wa chini hadi wa juu, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Ubao wa juu ulikuwa umeinama.

## Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Usiku ule sikulala mapema.

Shuleni tunakwenda upande mmoja: mistari ni sambamba, kwa hiyo pembe zinalingana. Fundi alikuwa anakuja kutoka upande wa pili: pembe zinalingana, kwa hiyo mbao ni sambamba. Hazilingani? Basi kuna ubao umelala vibaya. Ule mwanya wa sarafu ulikuwa ni jibu la swali la mpwa wangu.

Huwezi kujua kwamba mistari ni sambamba kwa kuitazama. Ama unaambiwa, ama unaipima kwa mstari mwingine uliokingama juu yake.

Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 KK, alizitenganisha njia hizi mbili kwa uangalifu ambao sasa ndio naanza kuuheshimu. Katika kitabu cha kwanza cha kazi yake kubwa ya jiometri, hoja ya 27 ni ile ya fundi wangu: pembe mbadala zikilingana, mistari ni sambamba. Hoja ya 28 inafanya hivyohivyo kwa pembe za F na za U. Hoja ya 29 ndiyo inayogeuka na kusema ya shuleni: mistari ikiwa sambamba, pembe mbadala zinalingana.

Unaweza kudhani kwamba ni kitu kilekile kimegeuzwa tu. Sivyo. Euclid alikuwa na misingi mitano, kauli alizozikubali bila kuzithibitisha. Kabla ya kufika hapo alijenga hoja 28 bila kugusa msingi wake wa tano, ule mrefu kuliko yote. Kwenye ya 29 ndipo alipolazimika kuutumia kwa mara ya kwanza. Na msingi huo unasemaje? Unasema kwamba mstari ukiikingamia mistari miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikawa na jumla pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari hiyo ikirefushwa itakutana upande huohuo.

Ni pembe za U! Zile tunazowapa watoto mwisho wa kipindi, kengele ikikaribia kulia, ndizo alizoziweka kwenye msingi wa nyumba nzima.

Tena watu hawakuridhika. Waliona msingi huu ni mrefu mno kukubaliwa bila uthibitisho, wakajaribu kuuthibitisha kutoka kwenye ile mingine minne. Ibn al-Haytham alijaribu, Omar Khayyam alijaribu, Nasir al-Din al-Tusi naye, wote wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu. Mwaka 1733 Saccheri, padri wa Kiitalia, alichapisha kitabu kizima juu yake. Hakuna aliyefanikiwa, na karne ya 19 ikaonyesha sababu. Lobachevsky wa Urusi mwaka 1829 na Bolyai wa Hungaria mwaka 1832, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha jiometri ambayo msingi huo haufuatwi, na bado haijipingi. Humo ndani pembe mbadala za mistari isiyokutana si lazima zilingane.

Sisemi kwamba mtoto wa kidato cha kwanza afundishwe hayo. Nasema kwamba "umejuaje kwamba ni sambamba" ni swali lililowakesha watu wenye akili sana kwa zaidi ya miaka 2,000, na mtoto wetu aliliuliza mwenyewe, kwenye jaribio, akapewa kosa.

Kisha akaja kwangu, nikampa la pili.

## Jua la Misri

Kuna mtu mmoja aliyeutumia usambamba bila kuweza kuuona, akaipima dunia. Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 KK, alijua kwamba Aswan, kusini mwa Misri, jua la mchana siku ndefu kuliko zote katika mwaka lilikaa utosini kabisa, kitu kilichosimama wima hakikuwa na kivuli. Alexandria, saa ileile, kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2.

Rudi sasa kwenye Z yetu. Mwale wa jua unaoshuka Aswan ukiurefusha unafika kitovu cha dunia. Mwale unaoshuka Alexandria uko sambamba nao. Mstari wa timazi (ule uzi wenye kizito unaoonyesha wima) ya Alexandria, ukiurefusha hadi kitovu cha dunia, ndio uliokingama. Pembe ya kivuli kule juu na pembe ya kitovuni ni mbadala. Kwa hiyo nazo zinalingana, na umbali wa Aswan hadi Alexandria ni moja ya hamsini ya mzunguko wa dunia. Alihesabu umbali huo kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale), akapata mzunguko wa stadia 250,000.

Lakini angalia hesabu yote imesimama juu ya nini: kwamba miale ya jua ni sambamba. Hakuipima. Aliikubali kama sharti, kwa kuwa jua liko mbali sana. Leo tunajua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na sharti lake lilikuwa zuri. Angesema jua liko karibu, vivuli vilevile vingempa dunia nyingine.

Wala timazi si sambamba. Kila fundi ujenzi huiamini timazi, na kwa nyumba moja ana haki ya kuiamini. Lakini kila timazi inaelekea kitovu cha dunia. Ukuta uliosimamishwa kwa timazi Tanga na uliosimamishwa kwa timazi Dar es Salaam umeachana kwa chini kidogo ya nyuzi 2.

## Nimwambie nini?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi.

Mtihani utakuja. Msahihishaji atataka 68. Nikimfundisha mtoto kutilia shaka kila mchoro, je, ninamjenga au ninamwangusha? Dada yangu alinipigia simu akaniambia kwa upole kwamba binti sasa anachelewa kumaliza kazi za hisabati, anauliza mno. Nililipima neno hilo, "mno", siku nzima.

Nimefikia hapa. Vitabuni mistari sambamba huwekewa vishale vidogo katikati, au sentensi inasema waziwazi kwamba ni sambamba. Vishale hivyo ndivyo sharti lenyewe, na mtoto afundishwe kuvitafuta kabla ya kutafuta Z. Pasipokuwa navyo, aandike hivi: kama mistari hii ni sambamba, basi x ni nyuzi 68. Msahihishaji atapata 68 yake. Na lile "kama" litabaki pale, mahali pake.

Mwalimu wake simlaumu. Najua darasa linavyojaa, najua karatasi zinavyosahihishwa usiku, na vishale viwili ni rahisi kusahaulika mtu anapochora kwa mkono. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu mezani, na jioni nzima.

## Nyuzi mbili mezani

Nilirudi Tanga mwisho wa mwezi. Aliniamkia, nikaitikia, na kabla sijavua viatu nikamwomba ile karatasi. Ilikuwa bado ndani ya daftari, imekunjwa mara mbili vilevile.

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia. "Nilikukosea."

Alinitazama kwanza kuhakikisha kama namaanisha. Kisha akaenda kuleta kipimapembe.

Tulianza na daftari lake, kwa kuwa lina mistari tayari. Akachora mstari wa hanamu juu ya mistari mitano, akachana kona ya karatasi ikalingana na pembe ya kwanza, akaiteremsha mstari hadi mstari. Ikaingia kila mahali. Akaigeuza nusu mzunguko, ikaingia upande wa pili. "Kumbe F ni kuteremsha na Z ni kugeuza," akasema, na hilo mimi sikuwa nimemwambia.

Kisha tukaugeukia mchoro wa jaribio. Ile iliyoandikwa 68 akaipima: 68. Ile ya x akaipima mara tatu, kila mara akifuta kipimapembe kwa kidole.

"Sitini na sita, Mjomba."

Nikapima na mimi. Sitini na sita.

Upande wa kulia, pembe za ndani zilikuwa 112, yaani 180 ukitoa 68, na 66. Jumla 178. Nikamwuliza mistari hiyo itakutana upande gani. Akafikiri, akanyoosha kidole kulia, nje ya karatasi.

Akaibandika karatasi kwa selotepu mwisho wa meza ya mama yake. Akachukua uzi mweusi na uzi mwekundu kutoka kwenye kasha la cherehani, akaulaza mweusi juu ya mstari wa juu na mwekundu juu ya mstari wa chini, akazivuta zikavuka ukingo wa karatasi, zikapita juu ya chaki na mkasi, mimi nikichungulia kwa jicho moja kama zimenyooka. Kati ya makutano yale mawili palikuwa na sentimita 3 na kitu. Kwa hesabu, kwa pembe ya nyuzi 2 iliyopungua kwenye 180, zilipaswa kukutana sentimita 85 hivi mbele. Nyuzi 2, karibu ileile iliyoachanisha kuta za Tanga na Dar.

Zilikutana kwenye 91, na kipimapembe cha plastiki hakiwezi kuahidi zaidi ya hapo.

Aliweka kipande cha selotepu pale zilipopishana, akakiandika x kwa kalamu ya wino. Dada yangu amekata magauni mawili juu ya meza ile tangu siku hiyo, na hajakibandua.